Madaftari matatu: shajara ya mradi wa kumbukumbu, ndoto na wasiwasi

Januari 12, 2025

Mradi wenyewe ni huu: kuandika kwa mkono mambo matatu ambayo hunipita bila kushikika. La kwanza ni kumbukumbu za kwetu Pumwani, hasa za bibi, ambaye ana miaka themanini na kitu na bado akili yake inakata. La pili ni ndoto. La tatu ni hizi shughuli za Nairobi zinazomkosesha mtu usingizi: kodi, karo ya mdogo wangu, mkopo wa simu, makato ya mshahara yanayoongezeka kabla mshahara haujaongezeka.

Nimenunua daftari la jalada gumu la kurasa 200 kwa shilingi 180, na biro mbili kwa shilingi 40. Nitaandika usiku kabla ya kulala, ukurasa mmoja, lolote litakalokuja. Shajara naiweka wazi ili anayetaka kufanya vivyo hivyo aone pa kupita na pa kuruka, na ajue bei.

Februari 9: daftari moja halikutosha

Mpango wa "lolote litakalokuja" umekufa. Si kwa uvivu, maana nimeandika tele. Ila wasiwasi umewameza wenzake. Naanza na kisa cha bibi cha Shauri Moyo, nikifika mstari wa nne nimeshaingia kwa keateka wa nyumba za kupanga na bili ya maji. Ndoto ndizo zimeumia zaidi. Hadi usiku ufike, ndoto ya asubuhi imebaki neno moja, "ngazi", na ngazi za wapi sijui.

Kuna na jambo ambalo sikulipigia hesabu. Mjomba alikuja kutujulia hali, nikataka asome alichosimulia bibi kuhusu babu ili asahihishe majina. Kumbe juu ya ukurasa ule ule nilikuwa nimeandika jinsi ninavyomkwepa kwa sababu ya elfu tatu zake. Nikamwambia daftari liko kazini.

Basi kuanzia leo ni madaftari matatu, na kila moja lina saa yake na ruhusa yake. Lile kubwa ni la kumbukumbu: linaandikwa mchana wa wikendi, na yeyote wa nyumbani anaweza kulisoma. La ndoto ni kijidaftari cha shilingi 50 kinachokaa chini ya mto. Hicho ni changu peke yangu. La wasiwasi ni daftari la shule la kurasa 48, shilingi 30, jalada laini, kwa sababu sitaki lidumu. Gharama hadi hapa: shilingi 300.

Machi 23: ndoto, simu na daku

Ramadhani imenisaidia bila kutarajia. Usingizi wa mtu mzima huenda kwa mizunguko ya takriban dakika 90, na kila mzunguko una kipindi ambacho macho hucheza chini ya kope. Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walikieleza kipindi hicho mwaka 1953, na ndicho chenye ndoto nyingi na zenye picha kali. Mwanzo wa usiku huwa kifupi. Kadiri alfajiri inavyokaribia ndivyo kinavyorefuka. Sasa mtu anayeamka kula daku, akaswali, kisha akajinyoosha tena kidogo kabla ya kwenda kazini, huamka zaidi ya mara moja ndani ya sehemu ile ya usiku yenye ndoto. Kijidaftari kimejaa haraka kuliko nilivyodhani.

Lakini kufika hapo kumegharimu. Nilianza kwa kurekodi sauti kwenye simu, nikijua sitahitaji taa. Wazo zuri, matokeo mabaya. Ukiishika simu tu, kundi la familia limeshatuma dua na video, mtu anaomba mchango wa harusi, na ujumbe wa mkopo unakukumbusha tarehe. Ukifika kwenye kitufe cha kurekodi, ndoto imekwenda zake. Na hata zile nilizowahi, nikisikiliza mchana nasikia mtu anayenung'unika chini ya blanketi. Siku hizi simu inachajiwa karibu na mlango, mbali na mkono.

Karatasi nayo ilikuwa na shida yake: gizani mistari inapandana. Niliamka nikakuta maneno yameandikwa juu ya maneno, hata herufi hazisomeki. Dawa ilikuwa kipande cha kadibodi nilichokata kwenye pakiti ya majani chai. Nakilaza juu ya ukurasa, naandika pembeni mwake, kisha nakishusha kwa kidole gumba cha kushoto, mstari baada ya mstari. Tochi ndogo nimeifunga karatasi nyekundu ya peremende kwa mpira, kwa kuwa mdogo wangu analala kitanda cha chini na taa nyeupe humfanya agombe hadi jua litoke.

Mengine ni mazoea. Sigeuki ubavu kabla ya kushika kalamu, kwa sababu nikigeuka tu inafutika. Natafuta picha ya mwisho kwanza, naiandika, halafu narudi nyuma. Naandika kana kwamba inatokea sasa hivi. Mfano, ya wiki iliyopita:

"Simba wawili wa mawe wa Maktaba ya McMillan wanaulizwa vitambulisho na askari wa kanjo. Mmoja anasema chake kiko kwa shangazi. Mimi nina kitunguu mkononi na ninajua kikionekana nitashikwa."

Bibi alicheka hiyo mpaka akashika mbavu. Nikajisahau, nikaanza kumsomea nyingine, ya kisima. Akaninyoshea mkono.

"Hiyo usinisomee, mjukuu wangu. Ndoto mbaya haisimuliwi. Tema kushoto mara tatu, jikinge kwa Mungu, ugeukie ubavu wa pili ulale."

Ndivyo tulivyofundishwa madrasa: ndoto njema umwambie anayekupenda, mbaya usimwambie mtu. Nimeifanya kuwa sheria ya kijidaftari. Ndoto mbaya inaandikwa tarehe na mstari mmoja, basi. Na kwa kweli inanifaa hata kwa sababu za kawaida, maana zile nilizoziandika kwa kirefu alfajiri zilinichachia mpaka adhuhuri.

Mei 4: maji yameingia

Masika. Bati letu lina tundu ambalo mwenye nyumba analijua tangu mwaka juzi, na safari hii liliamua kudondokea juu ya kabati, palipokuwa na daftari kubwa.

Somo la kwanza ni la kalamu. Mwezi Machi nilihamia kwenye kalamu ya wino wa maji, shilingi 60, kwa sababu inateleza vizuri. Kurasa zake zote zimegeuka mawingu ya buluu. Kurasa za biro, wino wake ukiwa wa mafuta, zimelowa lakini zinasomeka neno kwa neno. Anayeiga mradi huu asinunue kitu kingine zaidi ya biro ya kawaida.

La pili ni la kukausha. Usilibandue daftari likiwa chapachapa, karatasi itachanika. Usiliweke karibu na jiko, litajikunja na kurasa zitagandana. Karatasi iliyolowa huanza kuota ukungu ndani ya siku mbili hivi, kwa hiyo ni mbio. Watunzaji wa nyaraka wakizidiwa hugandisha vitabu kwenye friza ili ukungu usubiri hadi wapate nafasi ya kuvikausha. Nyumbani hatuna friza. Mama anayetuuzia samaki anayo. Alinitazama, akaniuliza, "Kimeandikwa nini humo?" Nilipomwambia ni mambo ya bibi alilainika, akanitoza shilingi 100, daftari likakaa kati ya sangara na barafu hadi wikendi, likiwa ndani ya karatasi za mkate. Kisha tishu kila baada ya kurasa chache (shilingi 70), matofali mawili juu, tishu zikabadilishwa asubuhi na jioni. Limepona. Linanuka Kisumu.

Kilichopotea kabisa ni kurasa za harusi ya bibi. Alikubali kunisimulia upya, na hapo ndipo kazi ilipoanza, maana mara ya kwanza alipelekwa kwa teksi ya Mhindi, na sasa amekwenda kwa miguu akiimbiwa njia nzima.

Tangu hapo madaftari yanakaa ndani ya ndoo ya plastiki yenye kifuniko, shilingi 200, na kurasa za bibi narudufu kila zikifika kadhaa, shilingi 5 ukurasa. Nakala anakaa nazo mjomba. Elfu tatu zake nimemlipa, kwa anayeuliza.

Juni 22: vigingi vya tarehe

Bibi hataji miaka. Kwake mambo yalitokea "wakati ule wa mvua" au "kabla babako hajaota meno". Nilijaribu kumbana kwa maswali ya mwaka gani, akawa anataja wowote ili nimwache. Visa vya Januari na Februari vina miaka ambayo siiamini hata mmoja.

Kilichofanya kazi ni kuacha kuuliza mwaka na kuuliza ni nini kilichokuwepo. Nyuma ya daftari nimetenga ukurasa wa mambo ambayo tarehe zake zinajulikana na kila mtu wa Nairobi aliyaona kwa macho, na kila kisa nakifunga kwenye kimojawapo. Matatu ilikuwa na mstari wa manjano? Basi ni Februari 2004 au baadaye, sheria za waziri wa uchukuzi, Michuki, zilipoanza. Muuza mboga alikupa mfuko wa plastiki? Ni kabla ya Agosti 28, 2017. Mlilipa kwa noti ya zamani ya elfu moja? Haikupita Septemba 2019. Stima ilikuwa ya mgao kwa sababu ya ukame? Yaelekea ni 2000. Mto ulipanda hadi Gikomba na kila mtu akasema El Niño? Kati ya mwisho wa 1997 na mwanzo wa 1998. Mtoto alianza darasa la kwanza bila karo? Yaelekea ni Januari 2003 au baadaye. Swali la aina hii bibi hulijibu papo hapo, tena kwa raha, kwa sababu anaona kitu badala ya kutafuta nambari.

Mjomba naye nilimnasa kwa kalenda ya simu. Miaka yote anasimulia alivyotupeleka Uhuru Park siku Kibaki alipoapishwa kuwa rais, "Jumapili, gereji ilikuwa imefungwa." Nami namkumbuka Kibaki kwenye kiti cha magurudumu, mguu una plasta, shingo imefungwa, kwa ile ajali ya mapema Desemba. Lakini Desemba 30, 2002 ilikuwa Jumatatu. Nilipomwonyesha alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi nilitoroka kazi." Na sasa, ajabu, anakumbuka alivyomdanganya bosi. Sijui kama ni kumbukumbu iliyorudi au iliyotengenezwa mbele yangu. Frederic Bartlett wa Cambridge aliandika tangu 1932 kwamba mtu akisimulia upya hujenga upya, akiziba mapengo kwa yanayoelekea kuwa kweli. Mjomba alikuwa anaziba nikimtazama.

Kigingi kilichonitatiza kuliko vyote ni Pangani. Kijiji cha zamani cha Pangani kilibomolewa na serikali ya kikoloni mwishoni mwa miaka ya 1930 na watu wakahamishiwa Shauri Moyo. Bibi huisimulia bomoabomoa ile kwa macho: mlango wa bluu uliobebwa kichwani, kuku waliokataa kuingia kikapuni, mama yake akirudi kutafuta kinu. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa 1943. Hakuweza kuiona. Ni macho ya mama yake hayo, na ameyatumia muda mrefu hata yamekuwa yake.

Sikumwambia. Nimechora safu tatu pembeni mwa kila ukurasa: aliona, aliambiwa, imethibitika. Pangani imeingia kwenye safu ya pili, kuku na yote. Malori ya askari waliouzingira mji na wanaume waliochutamishwa barabarani yameingia kwenye ya kwanza, na pia kwenye ya tatu, kwa sababu Operesheni Anvil, ule msako wa serikali ya kikoloni jijini Nairobi, ilianza Aprili 24, 1954, naye alikuwa msichana wa kutumwa dukani. Harusi ina teksi na ina miguu. Nimeandika zote mbili, moja chini ya nyingine, kila moja na tarehe aliyoisimulia.

Julai 20: daftari la wasiwasi

Hili ndilo lililonisumbua sana na ndilo dogo kuliko yote.

Njia ya kwanza: kumwaga moyo usiku kitandani. Nilikuwa nimesoma kuhusu James Pennebaker, mwanasaikolojia wa Marekani, ambaye mwaka 1986 alichapisha utafiti na mwenzake: wanafunzi waliandika dakika 15 kwa siku nne mfululizo kuhusu mambo yaliyowaumiza. Mara tu baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi. Nafuu ilionekana miezi iliyofuata, walipohitaji kwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi. Mimi nilichukua ile nafuu nikasahau kwamba maumivu hutangulia, nikayaweka maumivu saa nne usiku. Saa saba niko macho nahesabu riba.

Njia ya pili, ambayo imekaa: dakika tano baada ya chakula cha jioni, nikiwa nimekaa mezani, na siandiki ninavyojisikia. Naandika la kufanya kesho. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor, Texas, wa 2018 uliwalinganisha vijana 57 maabarani: walioandika orodha ya kazi zinazowangoja walipata usingizi takriban dakika tisa mapema kuliko walioandika walizokwisha kufanya, na kadiri orodha ilivyokuwa na maelezo mengi ndivyo walivyosinzia haraka. Ukurasa wangu wa Julai 6, mkesha wa maandamano ya Saba Saba, unasema:

"Dawa za presha za bibi zimebaki nne, ninunue leo hii kabla duka halijafungwa. Nimpigie msimamizi kabla ya saa kumi na mbili. Maji mitungi miwili. Mdogo wangu asitoke."

Kesho yake polisi walifunga barabara za kuingia mjini. Dawa zilikuwepo. Ningeandika "naogopa kesho", na ilikuwa kweli naogopa, nisingefika kwenye duka la dawa.

Lililoharibika ni ruhusa. Mdogo wangu alikuwa anatafuta chaja, akalikuta daftari wazi kwenye ukurasa wa Mei ambapo nilikuwa nimepiga hesabu ya karo yake na kuandika pembeni, "bila hii tungehamia nyumba isiyovuja." Hakusema kitu siku hiyo. Jioni ya pili akaniambia amezungumza na jamaa mmoja Industrial Area, kuna kibarua, anaweza kuahirisha chuo. Ilinichukua usiku mzima kumweleza kwamba hesabu ile haikuwa hukumu. Alikubali kubaki, lakini tangu hapo ananiambia bei ya kila kitu chake kabla sijauliza.

Katika chumba kimoja hakuna pa kuficha karatasi. Kufuli si jawabu. Kufuli huuliza maswali. Sasa kila Ijumaa nahamisha yaliyobaki kwenye ukurasa mpya, na zilizopita nazichana, zinawashia jiko. Nimenunua madaftari mengine mawili ya shilingi 30.

Septemba 14

Fupi. Nilikuwa nabandika risiti za dukani kwenye daftari kubwa ziwe ushahidi wa bei za wakati huu (gundi shilingi 50). Za Februari zimefifia hadi weupe. Karatasi ile haina wino, ina dawa inayogeuka nyeusi kwa joto, na mwanga na plastiki huirudisha. Nakili bei kwa biro siku hiyo hiyo. Pia nambari kurasa zote kabla ya kuanza, na acha kurasa nne za mwisho kwa faharasa. Nimezifanya zote mbili katikati ya safari na ni kazi ya kuchosha.

Desemba 7: jaribio la Oktoba 15

Siku ya kifo cha mwanasiasa Raila Odinga, Oktoba 15, jioni niliwapa wote wa nyumbani karatasi: ulikuwa wapi, nani alikuambia, ulikuwa umevaa nini, ulifanya nini kwanza. Bibi alinitajia, nikamwandikia. Bahasha tano, shilingi 50. Wazo si langu. Ulric Neisser na Nicole Harsch wa Chuo Kikuu cha Emory waliwauliza wanafunzi asubuhi baada ya chombo cha anga cha Challenger kulipuka Januari 1986, wakawauliza tena miaka miwili na zaidi baadaye. Wengi walikosea mengi, na baadhi walitoa kisa kingine kabisa, tena kwa kujiamini.

Nilikusudia kungoja miaka miwili. Wiki hii nimeonja mapema, kwa mdogo wangu na bibi tu.

Karatasi ya mdogo wangu inasema: "Kwa matatu, Jogoo Road, redio. Dereva alipunguza sauti halafu akaiongeza. Shati la kijani." Sasa anasema mhadhiri aliingia darasani akawaambia. Nilipomwonyesha mwandiko wake alisema labda niliandika mimi.

Karatasi ya bibi ina sentensi moja: "Umeniambia wewe, nikakuuliza nani kasema." Sasa anasema alijua kabla sijafungua mdomo, kwa sababu alikuwa ameiota alfajiri hiyo: watu wengi wenye matawi, wanatembea, hakuna vumbi.

Nilishika kalamu niandike kwamba ndoto imeongezwa baadaye, kama ule mlango wa bluu wa Pangani. Kisha sheria yake mwenyewe ikanizuia. Ndoto mbaya haisimuliwi. Hata kama aliota kweli, karatasi ya Oktoba isingekuwa nayo. Asingeniambia siku ile. Na kama ni hivyo, mbona ananiambia leo? Nilimuuliza.

"Leo si mbaya tena," akasema. "Imeshapita."

Nimeiandika kwenye safu ya aliona, na alama ya kuuliza mbele yake. Bahasha za wengine hazitaguswa hadi Oktoba 2027. Jumla ya gharama, pamoja na shilingi 200 za kurudufu: shilingi 1,090. Daftari kubwa limebakiza kurasa chache, na la pili limepanda bei, shilingi 200 sasa.